Koti la Mjomba wa Othusitse

Jumamosi, tarehe 2 Agosti
Kwanza salamu, maana shuleni nilifundishwa kuandika barua tu, si shajara. Mama yangu hajambo, ila macho. Binti yangu Boipelo hajambo, mdomo wake ndio mzima zaidi. Mwanangu Othusitse hajambo, ila hali wala halali, anamuwaza mchumba. Kuku wazima. Na mimi hapa Kanye sijambo — mwongo! Nina hofu tele.
Baada ya wiki mbili wajumbe wetu wanarudi Moshupa, kwao mchumba, kuposa. Wanarudi, kwa sababu mara ya kwanza walifukuzwa. Kaka yangu Gaolatlhe aliingia na sweta. Mjomba mzima, bila koti, na mila inadai koti! Wazee wa kule wakamwambia mbuzi wapo zizini, akakae nao. Wakasema mkirudi tena hivi, msichana ataolewa kwingine.
Makoti ya dukani hayamkai. Bega la kushoto lilishushwa na jiwe la mgodini. Nikaropoka: nitamshonea mimi. Mimi! Miaka ishirini nashona magauni na sketi tu.

Jumanne, tarehe 5
Nimekata. Chaki ilichora nyoka, nikafuta nikachora upya. Bega bovu nimeliwekea pedi nene. Boipelo kauliza kama namshonea mjomba au ng'ombe. Nikamtupia futi. Kitambaa kimeisha, hata cha kiraka hakuna. Nikikosea, basi.

Ijumaa, tarehe 8
Kola! Nimeifumua mara tatu. Maji, pasi, maji, pasi. Sasa imelala.
Gaolatlhe kaja kupima, koti likiwa na bandi tu, zile nyuzi za muda. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akageuka ubavu, akajitazama tena. Halafu akasema, dada, bega limerudi. Nikaingia jikoni nikalia kidogo.

Jumatano, tarehe 13
Nimekwisha. Vifungo tayari, nikampa Mama alipapase. Vidole vyake vikatembea kifuani. "Gauni hili la nani?" Nikamwambia si gauni, Mama, ni koti la Gaolatlhe. "Mbona linafungwa kike?"
Mungu wangu. Matundu nimeyatoboa upande wa kulia, kama magauni yote ya maisha yangu! Akiingia nalo vile kwa wale wazee — afadhali sweta.
Boipelo alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniona uso, akaniletea chai.

Ijumaa, tarehe 15
Matundu nimeyaziba kwa uzi, vifungo nikavikalisha juu yake, mapya nikayatoboa kushoto. Ukiwa mbali hujui. Ila kifungo cha tumboni kimeshika uzi tu, si kitambaa; kikichomoka, tundu la kike litaonekana. Na Gaolatlhe ana tumbo!
Nimemwambia: usinyanyue mikono, usivute pumzi sana, usicheke.
"Dada, tunaenda kuposa au kuzika?" Akacheka. Kifungo kikatikisika. Nimeongeza uzi. Nimeongeza tena.

Jumamosi, tarehe 16
Wameondoka kabla ya jua. Mama wa kijana haendi, ndiyo mila. Nimebaki na ufagio. Ua nimeufagia mara mbili. Othusitse amekaa karibu na moto, ananitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari.
Saa mbili. Simu kimya. Mama anasali kwa sauti, ananiongezea hofu.
Saa tatu. Wifi yangu MmaSadi, mke wa Gaolatlhe, ameandika, simu kaificha ndani ya shali. Anasema wameketishwa, mzee mmoja kalikagua koti mbele na nyuma, kasema huyu sasa ni mjomba. Ahsante Mungu! Posa bado hawajaijibu.
Saa tatu na nusu. Ameandika tena. Wazee wamempenda Gaolatlhe. Wamemwomba awasimulie mambo ya mgodini, naye ameanza ile hadithi yake ya punda. Nyumba nzima inacheka.
Nzima? Na yeye? Ile ya punda hajawahi kuimaliza bila kujishika mbavu!
Nimemwandikia: wifi, mfinye, mkanyage mguu, anyamaze. Kifungo cha tumboni kikoje? Nijibu upesi, wifi, upesi —