Nurdin Amekosea Herufi Moja

Jumatatu, 2 Juni 2025
Precious, binti wa kaka Josephat, ameamua kwamba shangazi yake aandike kumbukumbu. Fupi fupi! Kila nchi ukurasa mmoja, eti watu siku hizi hawasomi. Zitagawiwa kwenye mkutano wa ukoo. Haya. Miaka thelathini na tano nimekagua samaki – Astrakhan, Murmansk, Maputo, Reykjavik. Nimefunua matamvua kwa vidole na kunusa. Aliyeoza ananuka vilevile, serikali iwe yoyote. Huo ndio ukurasa wa kwanza. Huenda na wa mwisho.

Jumatano, 4 Juni
Ukurasa wa Murmansk. Msimamizi wa bweni aliniuliza kama kweli kwetu tunalala na simba. Nikamjibu ndiyo, anaitwa Josephat, na anakoroma. Akaandika kwenye daftari lake!

Ijumaa, 6 Juni
Kwa Nurdin, steshenari yake pale Buzuruga, hapa Mwanza, karibu na stendi. Mwandiko wangu hausomeki, kwa hiyo mimi nasoma, yeye anachapa. Vidole viwili, heshima nyingi. Leo ilikuwa habari ya kuondoka nyumbani kwenda masomoni Astrakhan, 1980. Sentensi niliyoipenda: "Nilipoondoka, mahali pangu alipachukua kaka Josephat." Yaani chumba changu, chenye dirisha la upande wa ziwa. Kabla sijavaa miwani, Precious alishapiga picha ukurasa na kuutupa kwenye grupu la ukoo.

Jumamosi, 7 Juni
Simu haijanyamaza tangu alfajiri. Grupu linacheka, linauliza, linatuma vikatuni. Nimevaa miwani. Imeandikwa: "Nilipoondoka, mahari yangu aliichukua kaka Josephat."

Mahari!

Lugha nne kichwani, na ulimi wangu wa Kijita bado unachanganya r na l. Nurdin akasikia mahari, akaona "pangu" haipatani nayo, akanisahihishia sarufi. Mtu mwenye bidii ni hatari sana.

Na mahari ya nani? Mimi hakuna aliyeniposa. Yakobo wa Nansio, kule kisiwani, aliniahidi kuleta wazee wake nyumbani kabla sijasafiri. Nilingoja mpaka asubuhi ya safari, nimesuka nywele na kila kitu. Hakuja. Nikamwandikia kutoka Astrakhan, barua saba, nikizipitishia nyumbani maana anwani yake sikuwa nayo. Kimya. Hiyo sikuiandikia ukurasa.

Jumapili, 8 Juni
Josephat amekuja kutoka Buhongwa baada ya ibada, na koti lake la misiba. Nikamwamkia. Akakaa. Akauliza ni nani aliyeniambia.

Nilikuwa nakaanga sato. Nikafungua mdomo nimweleze habari ya Nurdin na r yake. Nikaufunga. Ukaguzi umenifundisha jambo moja: ukinyamaza, mwenye samaki wabovu atajitaja mwenyewe.

Akajitaja. Wazee wa Yakobo walifika wiki tatu baada ya mimi kuondoka. Meli iliharibika, wakachelewa. Walileta na ng'ombe. Baba akawapokea, akawaambia nimekubali, nitarudi nikimaliza masomo. Ng'ombe walikaa zizini mpaka Josephat alipompata Odeta, mama yake Precious. Wakaenda kwa kina Odeta. Ng'ombe walewale! Na barua zangu saba zilipikia uji.

"Baba alisema ukijua utaacha shule."

"Na wewe ulisemaje?"

"Mimi nilitaka kuoa, Modesta."

Sato akaungua. Nimelia. Nimemtukana kwa Kirusi, lugha yenye matusi yaliyoshiba. Halafu nikampa chai, maana ni kaka yangu. Bila sukari, na kisukari hana.

Mlangoni akageuka. Akasema Yakobo alingoja miaka sita ndipo akaoa. Mke amefariki. Yupo Nansio palepale, anatengeneza redio.

Miaka sita. Na mimi nimemwita mwoga kwa miaka arobaini na mitano.

Jumanne, 10 Juni
Precious amekuja, macho mekundu. Baba yake amemwambia yote. Akauliza, "Shangazi, kwa hiyo mimi nimepatikana kwa ng'ombe wako?" Nikamwambia ndiyo, na ungekuwa na shukrani ungetoa maziwa. Akacheka huku analia. Nampenda huyu mtoto, na hilo ndilo linaloniudhi: nikimdai Josephat maisha yangu, namdai na yeye.

Nurdin amepiga. Amesikia kuna tatizo, anaomba radhi. Arudishe "mahali" au aache? Josephat naye ameomba, kwa sauti ndogo, iwe mahali. Nimewaambia wote wangoje.

Jioni nimetoa pasipoti zangu za zamani. Mihuri ya nchi kumi na moja. Nansio ni mwendo wa saa tatu na ushee kwa meli, na sijawahi kukanyaga. Niliapa.

Alhamisi, 12 Juni
Ndani ya meli. Gauni la bluu. Josephat kampigia Yakobo kumwambia naja, bila kuniuliza. Safari hii nimemwachia. Nimetapika mara moja. Ziwa limetulia kabisa, kwa hiyo siwezi kulisingizia.

Nurdin tena! Mashine iko tayari, mama, r au l? Nimezima simu.

Tumefunga gati. Pale chini kuna mzee mwembamba, ameshika mwavuli uliofunguliwa, na hakuna mvua. Anamtazama kila mama anayeshuka, kisha anampisha. Masikio ni yale yale. Mungu wangu, masikio!

Magodoro yameshuka. Kuku wameshuka. Baharia amekuja kuniambia, "Mama, tumefika." Najua tumefika! Naogopa. Nimeshuka Reykjavik usiku wa theluji, peke yangu, sijui hata neno la kuomba maji, na sikuogopa hivi. Sentensi niliyoiandaa tangu Mwanza imenitoka yote. Abiria wamekwisha. Mzee ametazama juu ya meli, akatazama saa yake. Ameanza kufunga mwavuli. Kalamu chini, nashuka –