Baba Alcide na Tromboni Iliyocheka

Baba, mwaka umetimia tangu Jumapili ile ulipotutoka ukiwa umeshavaa viatu vya kanisani, kimoja kimefungwa kamba, kingine bado. Nyumba yetu hapa Los Angeles imekuwa na utulivu ambao hakuna aliyeuomba. Hata mbwa wa jirani yetu Bwana Pettiford, uliyekuwa ukimjibu kwa tromboni, lile tarumbeta lako refu la kuvuta, kila alipobweka, siku hizi habweki.

Ulikuwa mtu wa vicheko. Ulipika supu nzito ya bamia na kaa ya kwenu Louisiana, na hakuna aliyeruhusiwa kuonja mpaka akubali kwanza kwamba ni tamu. Uliwafundisha watoto wa mtaa mzima kupuliza, na aliyekosea ulimwambia, "Umekosea vizuri. Sasa kosea kwa sauti."

Ile habari ya mwaka 1944 uliisimulia kila Krismasi, na kila Krismasi Mama alikusahihisha. Leo tunaisimulia sisi.

Studio iliwaajiri wewe na wenzako sita mpige muziki kwenye filamu ya nyimbo na vichekesho. Mlifurahi mpaka mlipogundua jambo moja: nyota wa filamu, Bi. Lorna Whitcombe, Mzungu, alicheza upande mmoja wa ukumbi, nanyi mliwekwa upande wa pili, peke yenu. Mlijua maana yake. Filamu ikienda Kusini, kwenye majimbo ya ubaguzi, kipande cha watu weusi kingekatwa, na hadithi ingeendelea kama vile hamkuzaliwa. Na huko Lake Charles, kwenu Louisiana, Bibi alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba mwanawe ataonekana kwenye sinema.

Wakati wa chakula cha mchana ulimfuata Bi. Whitcombe, ukijua kabisa unaweza kufukuzwa.

"Samahani, Bi. Lorna. Mama yangu hataniona."

"Kwani macho yake mabovu?"

"Macho anayo mazuri sana. Ni mkasi ndio utakaoniondoa."

Akaweka kikombe chini. Alikuwa hajawahi kulifikiria jambo hilo.

"Hiyo tromboni yako inayocheka kama bikizee," akauliza, "inaweza kunicheka mimi?"

"Ukikubali kuchekwa."

Kamera zilipowashwa, badala ya kwenda kushoto kama alivyofundishwa, alikuja moja kwa moja kwenu huku akicheza. Ukamcheka kwa tromboni. Akajifanya amekasirika, akakuvua kofia, akaivaa yeye, akaruka na kuzunguka katikati yenu mpaka wimbo ukaisha.

"Lorna, umechanganyikiwa?" mwongozaji akapiga kelele. "Tunarudia!"

"Goti linaniuma," alijibu, akikalia kiti chako. "Sirudii leo wala kesho."

Mafundi wa taa walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Kipande kikabaki kilivyo. Ndicho kilichochekesha kuliko vyote, na hakuna aliyeweza kukukata wewe bila kumkata yeye.

Studio ile haikukuita tena kwa miaka mitatu. Ulipiga muziki madansini na kuosha magari, na hatukukusikia ukijuta. Mama anasema ulijuta mara moja tu, siku ya mvua, halafu ukacheka.

Filamu ilipofika Lake Charles, Bibi aliketi kule juu, kwenye viti walivyotengewa watu weusi. Ulipotokea, alisimama akaita, "Huyo Alcide wangu! Mbona amekonda hivyo?" Ukumbi mzima, juu na chini, ukaangua kicheko. Hakutoka mpaka ilipoonyeshwa mara ya tatu. Barua aliyokuandikia ilikuwa na mistari miwili, na tunayo mpaka leo:

"Nimekuona mara tatu. Kula."

Unakumbukwa na mkeo Ernestine, binti zako Velma na Lucille, mkweo Hollis, wajukuu zako Renard na Odile, kaka yako Ovide, na wenzako wawili wa bendi waliobaki, ambao bado wanabishana nani alipuliza vibaya siku ile.

Maadamu tupo, Baba, hutasahaulika.