Mifumbati ya Kitanda Changu

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Hapa mtaani Gerezani tu wazima. Shangazi yako kajifungua salama.

Unauliza kama babu yako, kipenzi cha roho yangu, aliwahi kuniudhi. Siku ya nane tu ya ndoa! Nilirudi kutoka Kariakoo nikakuta ameng'oa zile mbao ndefu za ubavuni, mifumbati ya kitanda nilichotoka nacho kwetu, ameifunga juu ya gari la tajiri wake ili abebee mtumbwi.

"Bwana we, tutalala juu ya gari?"

"Mke wangu, huu mtumbwi nampelekea baba yako. Wake umepasuka."

Nikazidi kuwaka. Nilipanda nikakaza mafundo yake yote yaliyolegea, nikanuna hadi kwa baba.

Kitanda nilikisamehe. Kutaka kumfurahisha baba yangu bila mimi, sijamsamehe hadi leo.

Bibi yako