Mzee, Gari Yako Iko Juu Sana

Mzee wangu,

Sikuulizi u hali gani, hali yako tunaijua wote. Sisi huku Uthiru tuko, tunasukuma. Nakuandikia kuhusu gari yako, na naomba usikasirike kabla hujafika mwisho, maana nakujua.

Tangu tukuzike, Mama alikuwa hatoki nje ya geti. Miezi saba, Mzee. Kanisani haendi. Kina mama wenzake wakija kumwona, anawaambia ni magoti. Mwanao mkubwa alipiga simu kutoka ng'ambo akasema gari iuzwe, Mama anunuliwe kadogo ka kuingia bila kupanda. Mama akamjibu, "Uza nikishakufa." Kuiuza hataki, kuipanda hawezi. Gari inakaa uani, naye anakaa dirishani anaiangalia. Mwishowe mke wangu Nekesa akaniambia waziwazi, "Wafula, mama yangu anaisha. Wewe si fundi? Fanya kitu."

Na makosa ni yako! Nani alikutuma kuinua gari namna hiyo? Ulikwama mara moja tu kwenye matope ya Bungoma, ukarudi na hasira zako, ukatia springi ndefu na magurudumu ya trekta, hadi majirani wakauliza kama unahamia mlimani. Hukufikiria Mama atapandaje, kwa sababu ngazi ulikuwa wewe mwenyewe. Kila Jumapili unamtilia bega, unahesabu, "Moja, mbili, Bwana asifiwe!" na Mama yumo ndani, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, anakutusi kwa Kibukusu. Sisi tulikuwa tunajificha nyuma ya tangi la maji tucheke.

Sasa nani atamtilia bega? Dereva ni mimi, fundi ni mimi, na mtu asiyeweza kumgusa hata kidole ni mimi huyo huyo. Nilipokuwa mwanafunzi wako pale karakana, Mama alikuwa ananipa ugali mkononi na kunifinya sikio nikichelewa kula. Nilipomwoa Nekesa, hayo yakaisha siku moja. Uliniketisha ukaniambia: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, salamu ni za mbali na maneno yanapitia kwa Nekesa. Nikasema ndiyo, Mzee. Hakuna aliyetaja magoti.

Tulianza na kigoda cha jikoni. Nilikiweka kando ya mlango wa nyuma, nikaenda kusimama nikiangalia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, huku Nekesa anamsukuma mamake na wote wawili wanaita Yesu. Akaingia! Nikawasha gari kwa furaha, tukaenda zetu Ngara kununua vitambaa vya sare ya kina mama wa kanisa. Tulipofika ndipo Nekesa akauliza, "Kigoda kiko wapi?" Kigoda, Mzee, kilikuwa Uthiru, pale pale nilipokiweka.

Mama hakuweza kushuka. Wachuuzi walipoona mama mkubwa ametulia juu huko, wakadhani ni tajiri asiyetaka kuchafua viatu. Wakamletea bidhaa dirishani. Alinunua sufuria, taulo mbili na mtego wa panya, na nyumbani kwako hakuna panya. Vitambaa vyenyewe viliishia kuchaguliwa na Nekesa, rangi ikawa siyo. Njiani kurudi kioo cha ndani nilikuwa nimekigeuza kiangalie paa, kwa heshima, lakini nilimsikia anavyopumua. Alipokanyaga chini akasema, "Hiyo ilikuwa ya mwisho." Akaingia ndani akafunga pazia.

Hapo nikaogopa kweli. Awali hakutoka kwa sababu ya huzuni. Sasa ilikuwa huzuni na aibu, na aibu yenyewe nimemletea mimi.

Nikaamua kuchomelea ngazi ya kudumu. Lakini ngazi inataka kipimo: Mama anaweza kuinua mguu kiasi gani? Mimi niangalie miguu ya mama mkwe? Wazee wangenitoza mbuzi hapo hapo. Nikampa Nekesa futi. Dakika moja tu nikasikia, "Mnanipima jeneza?" na futi ikatoka kwa dirisha. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini huyo aliyesema hakuwa na mama mkwe kama wako.

Nilizunguka nyumba siku mbili. Halafu nikaona kile kidato cha mlango wa jikoni, kile ulichokimwagia simiti mwenyewe, tukakucheka kwamba ni kifupi kama cha chekechea. Kila asubuhi Mama anakipanda akibeba chai, na hashiki popote. Inchi saba. Kutoka chini hadi sakafu ya gari ni ishirini na nane. Basi nikatengeneza vidato vitatu, nikavifunga kwa nati kwenye chasisi, siyo kwenye bodi, hilo usinifokee. Juu nikaweka bati lenye vinundu asiteleze. Cha chini nikakitia bawaba kikunjwe, kisije kikagonga mawe. Mlangoni nikafunga mkono wa kushikilia. Nilifanya kazi polepole, nikijiuliza kila mara ungesema nini.

Jumapili ikafika. Nekesa akambembeleza mamake hadi akavaa. Mimi nilikuwa kwenye usukani tayari, injini inawaka, najisikia bwana. Mama akatoka, akaiona ngazi, akasimama. Ndipo nikaona nilichofanya. Ngazi nilikuwa nimeifunga mlango wa mbele. Kando ya dereva! Miaka yote ulipoendesha wewe Mama hakukaa kwingine, na mikono yangu ilienda huko yenyewe, sikufikiri kamwe. Mzee, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Majirani wako getini, Mama amevaa sare, na fundi wako amemtengenezea kiti ubavuni pa mkwe wake.

Aliangalia ngazi. Akaniangalia mimi, kisha akaangalia mlango wa nyumba. Nikajua akirudi ndani safari hii, hatatoka tena.

"Nekesa," akasema, "mwambie huyo ahamie nyuma. Endesha wewe."

Nekesa! Yule uliyemnyima usukani miaka sita na leseni anayo! Nikaruka chini hata viatu vikabaki. Mama akakanyaga cha kwanza. Cha pili. Akashika mkono wa mlangoni, cha tatu, akajivuta, akakaa. Hakuna aliyemgusa. Akafunga mlango mwenyewe.

Halafu akalia. Kaburini kwako hakulia, unajua. Alikuwa anahesabu sahani za wageni. Sasa alilia kwa sauti, akikugombeza kwa jina lako, akikuuliza umeenda wapi. Nekesa hakuondoa gari. Mimi huko nyuma, nimekumbatia vitabu vya nyimbo, nililia pia, na sioni haya kukuambia. Nimekukosa sana, Mzee. Alipomaliza, akajipangusa akasema, "Twendeni, tutachelewa."

Tulifika kanisani Mountain View kwa gia ya pili, tukipigiwa honi na kila mtu. Kina mama wakaja mbio kumshika. Akawafukuza, akashuka mwenyewe, kidato kwa kidato, akanyoosha sare ile ya rangi isiyo yake. Wakauliza kazi hii nzuri ni ya nani. Mama hakuniangalia. Alisema kwa sauti ya kunifikia, "Ni ya mtu aliyefundishwa na mume wangu."

Lala salama, Mzee. Mlango wa nyuma bado hauna ngazi, na huko ninapanda kwa tumbo kama mjusi, lakini hiyo ni shida yangu. Popote Mama atakapotaka kwenda, atapanda kwa miguu yake mwenyewe. Nati hizo nitazikaza mimi kila Jumamosi hadi nami nije huko.

Mkweo na mwanafunzi wako,
Wafula