Mahali pa Kuzaliwa

Jumatano, baada ya chakula

...na bado nasema sikukosea. Fomu ya pasipoti iliuliza mahali pa kuzaliwa, nami nikaandika ukweli: ng'ambo ya mto, Uganda. Mjukuu wangu Kokugonza alizaliwa huko kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu akiwa Murongo, mpakani, na zahanati ya karibu ilikuwa upande wa pili. Wengi wa wilaya yetu ya Kyerwa wamezaliwa hivyo. Wenzangu huandika kijiji cha baba, basi.

Sasa uraia wake unachunguzwa, na timu ya taifa ya soka ya wanawake, iliyomwita akaichezee, imesafiri leo bila yeye.

Mama yake hakupaza sauti. "Baba, ungeandika Nyabiyonza tu, kijiji cha baba yake. Nani angekuja kuuliza?"

Nimekwenda ofisi ya uhamiaji mara tatu. Wananiamkia vizuri, "Shikamoo, mwalimu," kisha wananiambia nivute subira.

Koku mwenyewe alimenya ndizi. Alipomaliza akaniletea daftari ninamoandika matokeo ya timu hiyo tangu kabla hajazaliwa: ushindi, sare, vipigo vya ugenini, vyote.

"Babu, kesho ni mechi. Piga mstari wa matokeo kabisa. Na redio uifungulie sauti, nisikie nikiwa jikoni."

Nimepiga mstari. Umekwenda upande.

Sitaweza kumtazama akisikia jina la aliyepewa nafasi yake. Nimetoa betri kwenye redio na kuzificha chini ya godoro. Akiniuliza, nitasema zimekwisha.