Waya Alioweka Baba

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zetu nyingi. Kifua kimeacha kukusumbua? Wifi na pacha hawajambo? Sisi tu wazima. Mama goti linamuuma akipanda ngazi, ila ulimi hauna hata mafua.

Nikusimulie la gari kabla hujalisikia kwa shangazi, maana kwake moshi kidogo ni nyumba nzima kuteketea.

Wiki nzima taa zilikuwa zikizimika na honi ikilia yenyewe, baba akisema ni uzee wa gari tu. Jumanne, akimpeleka mama kliniki, moshi ukafuka chini ya dashibodi, miguuni pa mama. Gari likazima katikati ya barabara. Mama akashindwa kufungua mkanda. Baba ndiye aliyezunguka akamtoa.

Likavutwa kwa kamba mpaka gereji, nami nikalifuata huko. Fundi wa umeme wa magari, mama wa makamo wanayemwita Miwani, alinionyesha boksi la fyuzi, pale nyaya zote zinapokutana. Plastiki ilikuwa imeyeyuka. Mahali pa fyuzi moja palikuwa na kipande cha waya. Akanieleza kwamba fyuzi hukubali kuungua ili nyaya zisiungue, na waya ule ulikataa. Nikajua ni mkono wa nani.

Kesho yake baba alikuja mwenyewe. Miwani alikuwa ameshafungua betri, anahamishia nyaya kwenye boksi jipya, mmoja mmoja, kila mmoja ameutia alama ya tepu usipotee njia. Kile kipande kilikuwa juu ya meza. Nilishaandaa uongo wa kumsitiri, wa kumsingizia fundi wa zamani. Unamjua baba yetu, yeye hakosei.

Hakunipa nafasi. Alimwambia Miwani taratibu, "Huo niliuweka mimi. Fyuzi ilikuwa inakatika kila mara, nikaona inanichosha. Nusura nimchome mke wangu."

Miwani alimwomba tu amshikie tochi. Akaishika saa mbili nzima, amesimama.

Jioni alimwambia mama vilevile. Mama aliendelea kukunja nguo, kisha akamsogezea kiti.

Gari sasa linakwenda vizuri. Mama bado hajalipanda, na baba hamlazimishi. Ijumaa alikwenda naye kliniki kwa teksi, amembebea mkoba.

Nilipoanza barua hii, baba alisimama mlangoni, akauliza kama ni yako. Nikamwitikia.

"Mwandikie," akasema, "ile hati ya nyumba ilikuwa kwenye koti langu. Niliiona wiki ileile aliyoondoka."

Kaka, miaka sita imepita tangu akuite mwizi mbele yetu sote. Nimeyaandika maneno yake kama alivyoyasema. Langu siongezi.

Msalimie wifi, uwabusu pacha. Mama na shangazi wanakusalimu. Mungu akutunze ulalapo na uamkapo.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Kitindamimba wenu.