Mama, Zilikuwa Mbao Tu

Mama,

Zilikuwa mbao. Naanza na hilo kwa sababu Papa Bauma alichelewa kukuambia, na sitaki ubaki huko uliko ukidhani ulikufa vitani. Jirani yetu huyo anajenga nyumba, unajua. Siku ile alishusha mbao kutoka Kirolirwe juu ya chukudu yake, ile baiskeli ya mti ya kusukuma, kamba ikakatika pale kwenye kona, mbao zikaanguka juu ya mawe. Zilipiga kelele kubwa mara mbili. Wewe ulikuwa unapalilia maharagwe. Uliacha jembe, ukanyakua kifurushi chako cha kukimbia nacho pale mlangoni, ukamshika Solanji mkono, ukapanda naye mlima mbio mpaka kwenye mikaratusi. Hapo moyo wako ukasimama.

Mwanangu ana miaka saba, Mama. Alikaa kando ya mwili wako akiangalia gome la mti, kwa sababu neno lako la mwisho kwake lilikuwa "Usigeuke nyuma," na yeye ni mtoto mtiifu. Nilipofika alikuwa bado hajageuka. Papa Bauma alikuja nyuma yangu na kofia mkononi, akakuinamia, akasema, "Mama Janeti, ilikuwa mbao tu." Alirudia mara tatu hivi. Nusura nimpige, na maskini hakuwa na kosa.

Nina hasira na wewe. Barua hii nimeichana mara mbili, kwa sababu kila nilipoanza yalikuwa yanatoka yale maneno matamu ambayo watu huwaambia wafu. Hayo ulishayapata ya kutosha kwenye matanga. Walikuita mlinzi, walikuita sikio la kijiji. Walisema wao walilala vizuri miaka yote kwa sababu wewe hukulala, na wakalisema hilo kama sifa, mbele ya jeneza lako, bila haya.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Tangu utoto nilisikia neno lako lile lile kila jioni, "Mulale, miye niko macho," na nikalala. Sikuwahi kujiuliza mtu anayekaa macho miaka ishirini na sita analala lini.

Sasa nakukumbuka vipande vipande, na kila kipande kinanitia uchungu, kwa sababu vyote vilikuwa wazi mbele yetu. Ulikula wima. Sijawahi kukuona umeketi na sahani, hata Noeli. Tukikusogezea kiti ulisema, "Kiti iko ya benye kuwa na wakati," nasi tukacheka, tukaona Mama ana utani. Meno yako mawili ya nyuma yalipasuka bila kuuma mfupa wowote. Tukayang'oa, basi. Hakuna aliyeuliza unayasaga kwa nini. Tumbo lilipokusokota tulikununulia dawa ya minyoo. Mikono yako ilikuwa baridi saa sita mchana, katikati ya shamba, jua likiwaka. Nilikuwa nakukanda mabega kwa mawese na yalikuwa magumu kama ubao, nami nikasema ni kazi ya jembe. Kanisani ulikaa benchi la mwisho, mgongo ukutani, macho mlangoni, na wamama wa maombi wakasema ni unyenyekevu. Na kwa kuwa ulikuwa macho usiku kucha, wakakufanya kiongozi wa mkesha!

Mboga yako ya sombe ilikuwa ama haina chumvi ama ina chumvi mara mbili, kwa sababu ulisahau kama umeshatia. Siku moja niliangusha kifuniko cha sufuria, ukanichapa mpaka ukachoka, kisha ukakaa chini ukitetemeka na kuniuliza nimefanya nini. Kwenye ndoa yangu hukucheka wala hukulia. Nilikununia mwaka mzima, nikidhani humpendi mume wangu. Hukuwa na nafasi ya furaha, Mama. Ulikuwa unasikiliza barabara.

Na maharagwe. Sisi watu wa Masisi tunajua maharagwe yanavunwa lini, mtoto mdogo anajua. Wewe uliyavuna mabichi, msimu baada ya msimu, kabla hayajakauka, ili wenye bunduki wakija wasikute kitu. Muhogo uliacha kabisa kupanda. "Muhogo ni ya bantu benye kubakia," ulisema. Majirani wakakusifu kuwa una akili, wengine wakakuiga. Nusu ya mlima huu ilikula maharagwe mabichi kwa sababu ya hofu yako, na tukaiita hofu hiyo akili.

Sitasema uongo. Mara mbili masikio yako yalituokoa. Mara mbili ulisema tuondoke, tukaondoka, na kweli waliobaki waliumia. Ndiyo maana hakuna aliyethubutu kukuambia upumzike. Ningekuacha ukeshe hata mimi, Mama, kama ingekuwa bunduki kila siku. Lakini tulikaa Kirotshe miaka mitatu, kwa Mama mdogo Feza, kando ya ziwa, na kwa miaka yote mitatu hakuna aliyetukimbiza hata mara moja. Watoto waliogelea. Mimi nilinenepa. Wewe ulikula sambaza, wale dagaa wa ziwani, wima, umeangalia barabara, kifurushi kikiwa mlangoni kwa dada yako. Feza alikuwa anakuambia, "Dada, huku hakuna kitu." Ulimjibu neno moja, "Bado." Hapo ndipo tulipaswa kuona. Vita vilikuwa vimekaa mbali, na wewe ulikuwa bado unakimbia umesimama pale pale. Daktari mmoja alikupima presha akakuambia upunguze mawazo, kama mtu anayekuambia upunguze chumvi, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa nikuambie kuhusu siku ya kumaliza matanga, kwa sababu najua watakusimulia vibaya.

Mujomba Etiene, kaka yako, alifika kutoka Walikale na matope mpaka magotini. Yeye ndiye aliyegawa vitu vyako, kama ilivyo desturi. Jembe akanipa mimi. Vitenge akampa Feza. Kisha akainua kifurushi, akasema, "Hii ni ya Solanji. Kijiji haiwezi kubakia bila muntu wa kusikiliza. Mutoto alikuwa na Koko yake mpaka mwisho, sasa ni ye atalinda." Wakapiga makofi. Mtoto wangu akatoka katikati ya watu, viatu miguuni, kamba zimefungwa mara mbili. Hakuwa amevivua tangu siku ya mikaratusi, hata kitandani. Akakiweka kifurushi kichwani, akasimama sawasawa, shingo imekaza. Niliiona shingo yako, Mama, juu ya mwili wa mtoto wa miaka saba, na watu wazima wakipiga makofi.

Sijui nilifikaje pale. Nilikipokonya. Nilisema mambo ambayo hayasemwi kwenye matanga. Nilisema, "Mulikuwa munalala! Ye alikuwa anakufa kila siku, na nyinyi munalala." Mujomba aliniambia niketi. Sikuketi. Nilikata kamba za kifurushi mbele yao wote, kitu ambacho hakuna aliyewahi kufanya, kwa sababu ulituchapa hata kwa kukigusa.

Ndani kulikuwa na sufuria ndogo, sabuni, chumvi, cheti changu cha ubatizo, mbegu za maharagwe ndani ya soksi. Na chini kabisa, vimefungwa ndani ya kitambaa cha zamani, viatu vya mtoto. Vya plastiki, vyeusi, na kifungo pembeni. Vipya kabisa.

Nilivijua hapo hapo. Nilikuwa na miaka minane tulipokimbia Walikale. Nilitoka miguu wazi, nikakatwa na kitu njiani, ukanibeba mgongoni mpaka ukatema damu. Tulipofika Sake ulininunulia viatu hivyo. Nilivivaa nikacheza sokoni, nikakuambia Jumatatu nitakwenda navyo shule. Ukanivua. "Hii haiko viatu vya masomo," ulisema. "Ni ya kukimbilia." Ukaviweka ndani ya kifurushi. Nililia siku mbili, kisha nikasahau, kama watoto wanavyosahau.

Nilisoma shule yote ya msingi miguu wazi, Mama. Kwenye baridi ya Masisi, kwenye matope, nilichekwa, na viatu vyangu vilikuwa nyumbani vikinisubiri nikimbie. Mguu wangu ukavipita. Nikaolewa, nikazaa, nina miaka thelathini na minne, na wewe ulikuwa bado unanibebea viatu vya mtoto wa miaka minane. Ndipo nikaelewa ulikuwa wapi muda wote huu. Hukutoka kwenye ile njia ya Walikale. Sisi tulifika Sake, tukahamia mlima huu wa Masisi, tukaenda Kirotshe, tukarudi. Wewe hukufika popote.

Nililia hapo, lakini kwa hasira. Mujomba Etiene aliondoka bila kuniaga. Bado hajanipigia simu.

Baada ya hapo nilianza kumfokea Solanji kwa kila kitu. Alipogoma kuvua viatu kitandani nilimvua kwa nguvu, nikavitupa nje, akapiga yowe ambalo sijawahi kusikia. Taya zangu zikaanza kuniuma. Nikaenda kwenye kile chumba kilicho nyuma ya kituo cha afya, ambako kuna mama mmoja kazi yake ni kusikiliza watu. Nilikwenda kugombana naye, nikuambie kweli. Nilitaka kumuuliza alikuwa wapi ulipokuwa hai. Aliniacha nigombe mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza taratibu, "Mama yako alikulaka wima? Alikuwa anashituka kwa kila kelele? Alisahausahau? Mikono ilikuwa baridi?" Ilikuwa kama alikaa nasi. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Akasema, "Hakukuwa na dudu mu tumbo. Mwili yake ilibakia kwenye zamu, hakuna mwenye kuiambia zamu imeisha. Mutu akibakia hivi miaka, moyo inachoka." Kisha akaniangalia. "Na weye, unakulaka umeketi?"

Asubuhi ile nilikuwa nimekula mlangoni, sahani mkononi, nikiangalia kona ya Papa Bauma.

Hakunidanganya kwamba kuna amani. Angenidanganya ningeondoka. Alisema tu kwamba mwili unapaswa kujua tofauti ya leo na siku ile, na kwamba haujui wenyewe, unafundishwa, kama mtoto. Niketi nikila. Nishushe pumzi mpaka chini, polepole, nikihisi miguu yangu juu ya udongo. Kelele ikitokea, nitazame kwanza ni nini, na nikitaje kwa sauti. Vitu vya kipumbavu, niliona. Nilirudi nyumbani nimekasirika zaidi, kwamba ulikufa kwa kukosa vitu vya kipumbavu hivyo.

Lakini tunavifanya. Nimemwomba Papa Bauma atuite kila anaposhusha mbao. Anatuita. Tunakwenda, mimi na Solanji, tunasimama kando ya barabara tumeshikana mikono, naye anaangusha ubao mmoja. Mara ya kwanza mtoto alijikojolea. Papa Bauma alilia. Akaangusha wa pili. Solanji akasema kwa sauti ndogo sana, "Mbao." Siku ya nne alimwambia yule mzee aangushe mwingine.

Nimepanda muhogo pale chini ya mikaratusi. Majirani wananiona nimechanganyikiwa. Labda sitaula, labda atakula mtu mwingine, lakini udongo ule ulikuwa umechoka kufanyiwa haraka. Maharagwe ya msimu huu nimeyaacha yakauke. Inanihangaisha, nayaangalia kila saa, lakini yapo.

Na viatu vyangu. Vimekuwa vigumu, nimevipaka mawese siku tatu mpaka vikalegea. Vinamtosha Solanji sawasawa. Nilimwambia masharti mbele ya kaburi lako ili nawe usikie: hivi ni viatu vya masomo. Anakwenda navyo shule, anacheza navyo, na jioni vinakaa mlangoni. Usiku wa kwanza alivitoa mlangoni mara tano kuvirudisha kitandani. Jana alivisahau nje, vikanyeshewa. Nilimkuta asubuhi analia kwamba vimelowa, nami nikacheka mpaka nikaketi chini, mara ya kwanza tangu uondoke. Mtoto alisahau viatu vyake nje, Mama. Wewe hujawahi kusahau kitu mlangoni maisha yako yote.

Bado nimekukasirikia. Nimekukasirikia kwa ajili ya ile Jumatatu ya shule na kwa kila Krismasi uliyoimaliza wima. Waliotutoa Walikale sina pa kuwaandikia, kwa hiyo yote yanakuangukia wewe, nivumilie. Tulipokuosha, Feza alitaka uzikwe na viatu kwa sababu hajawahi kukuona bila viatu. Mimi nilikataa. Vidole vyako vilikuwa vimekunjamana kama unashikilia mlima. Nilivinyosha kimoja kimoja, na tukakuzika miguu wazi.

Kaa hapo sasa. Usituangalie, usitusikilizie. Nakuahidi: bunduki zikija kweli, nitazijua, nitambeba Solanji mgongoni kama ulivyonibeba, na njia naijua, ulinifundisha mwenyewe. Lakini kwa mbao hatutakimbia.

Janeti wako